Karatasi za Mtihani Zina Ulinzi Kuliko Watoto

Kila Novemba kuna kitu hutokea Kenya na hakuna anayeshangaa tena. Alfajiri, kontena lenye kufuli mbili linafunguliwa. Ufunguo mmoja uko na mtu wa elimu, mwingine uko na naibu kamishna wa kaunti, na hakuna anayeweza kufungua bila mwenzake. Karatasi za KCSE zinapakiwa kwenye gari pamoja na polisi wenye bunduki. Barabara ikikatwa na mafuriko, helikopta inatafutwa. Karatasi zikifika shuleni askari anabaki pale mpaka mtihani uishe, kisha anasindikiza majibu kurudi. Huu mpango wa makontena ulianza 2016, wakati Fred Matiang'i alikuwa waziri, baada ya wizi wa mitihani kufika mahali pa aibu.

Sina shida na hayo yote. Mtihani ukivuja anayeumia ni mtoto wa mama mboga aliyesoma kweli. Lakini hebu fikiria: bweni ambalo mtoto huyo huyo amelala usiku huo, lina mlango mmoja au miwili? Nani ana ufunguo? Hilo hakuna naibu kamishna analijua.

Kila bweni likiungua hapa Kenya, ndani ya siku mbili utaona mtu ameandika: si tuweke polisi kila shule, kama Marekani? Watu wanapiga like. Inasikika poa. Kabla tukubali, wacha tuangalie historia. Polisi wetu na shule zetu wamejuana kitambo sana, na si kwa uzuri.

WALIKUJA KWANZA KUFUNGA

Rudi miaka ya 1930. Wakikuyu walioachana na wamisheni walianzisha shule zao wenyewe, zile za KISA na za Karing'a. Wazazi walichanga pesa, wakajenga, wakatafuta walimu. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu Githunguri ili shule hizo zisikose walimu. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza 1946, alikuja kukiongoza chuo hicho.

Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari. Shule hizo zikaanza kufungwa kwa madai kwamba ni viota vya Mau Mau. Githunguri pia ikafungwa, na majengo yake yakageuzwa jela. Soma hiyo tena. Mahali palipojengwa kwa michango ya wakulima ili walimu wasomee, palikuwa jela.

Kwa hivyo kwa watoto wengi wa Kati wa kizazi hicho, askari aliyeonekana shuleni alikuwa amekuja kuwafukuza. Hakuja kuwalinda na chochote.

KISHA WAKAJA KUTAWANYA

Tukapata uhuru, bendera ikabadilika, rungu likabaki. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kinaonyesha hii vizuri. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, chuo kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Miaka ya Moi, mgomo wa wanafunzi ulimaanisha GSU langoni, na GSU langoni ilimaanisha kuruka dirisha.

Usidhani hiyo ni story ya wazee. Tarehe 28 Septemba 2017 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakafuata wanafunzi mpaka ndani ya madarasa na hosteli na kuwapiga. Video ziko. Wengi tulikuwa shule ya upili mwaka huo na tuliziangalia kwa simu zilizofichwa. Siku chache baadaye chuo kikafungwa.

Na si vyuo peke yake. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Langata Road hapa Nairobi walirudi kutoka likizo wakapata ukuta umejengwa kuzunguka uwanja wao wa kuchezea. Ardhi ilikuwa imenyakuliwa. Wakiwa na sare zao, pamoja na wanaharakati, waliusukuma ukuta ukaanguka. Polisi walikuwa pale tayari, na mbwa. Wakarusha vitoa machozi kwa watoto wa shule ya msingi. Kuna watoto waliopelekwa hospitali. Dunia nzima iliona picha, serikali ikaomba msamaha, afisa aliyesimamia ile operesheni akasimamishwa kazi, na uwanja ukarudi kwa shule.

Hiyo siku mimi huitumia kama kipimo. Shule ilikuwa imeibiwa mchana kweupe. Polisi walikuja, kwa idadi ya kutosha na vifaa vya kutosha. Walisimama upande wa ukuta.

NA SASA, NANI AMEKUWA AKIUA WANAFUNZI?

Hapa ndipo mjadala wetu huharibika. Tunazungumza kuhusu ulinzi kama vile adui anatoka nje na bunduki. Angalia orodha yenyewe.

Julai 1991, St. Kizito, Meru. Wavulana walikuwa wakigoma, wasichana wakakataa kujiunga. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakabakwa. Waliowaua walikuwa wanakaa nao darasa moja.

Machi 1998, Bombolulu, Kwale. Bweni la wasichana liliungua usiku. Zaidi ya 20 walikufa. Madirisha yalikuwa na vyuma.

1999, Nyeri High. Viranja wanne walichomwa na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala kwenye chumba chao.

Machi 2001, Kyanguli, Machakos. Wavulana 67. Petroli ilimwagwa usiku. Moja ya malalamiko yaliyotajwa ni kufutwa kwa matokeo ya mtihani. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa nje, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Septemba 2017, Moi Girls, Nairobi, katikati ya jiji, shule ya maana, na barabara ya lami hadi langoni. Wasichana 10.

Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri. Watoto wa shule ya msingi, zaidi ya 150 kwenye bweni moja. 21 hawakutoka.

Katikati ya hizo kuna mwaka kama 2016, ambapo shule zaidi ya 100 zilichomwa katika muhula mmoja, na kwa bahati tu hatukuzika watoto wengi.

Sasa niambie, kwa uaminifu, askari mmoja mwenye G3 langoni angefanya nini Kyanguli? Labda angekamata ile petroli ikiingia. Sawa, nakupa hiyo. Lakini petroli ndiyo iliwasha, na mlango uliofungwa ndio ulifanya wasitoke. Bombolulu ni vyuma. Kwingine ni msongamano. Tangu 1998 tunaandika ripoti ileile kwa majina tofauti ya watoto.

Na si kwamba hatujui dawa. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka wa 2008. Uko wazi kabisa. Bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwenda nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na angalau mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Mtu yeyote aliyelala bweni la serikali hii anacheka akisoma hizo mita 1.2. Kule nilikosomea, na jina sitaji, kitanda changu na cha jirani vilikuwa vinagusana, na vyuma vya dirisha vilikuwa na rangi mpya kila mwaka wa ukaguzi. Rangi, si kuondolewa.

Baada ya Endarasha serikali ilituma wakaguzi, na kabla ya mwisho wa 2024 shule za msingi zaidi ya 300 zikaambiwa zifunge mabweni kwa sababu hazikutimiza masharti. Yaani mwongozo ulikaa miaka 16 na wale watu walikuwa wanaweza kukagua wakati wowote. Walingoja watoto 21.

APRILI 2015

Najua kuna mtu anasema: na Garissa je? Garissa si moto. Ni kweli, na ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka bunduki shuleni, kwa hivyo siwezi kuiruka.

Tarehe 2 Aprili 2015, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Walinzi wa langoni waliuawa kwanza. Mpaka jioni, watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Ilikuwa miezi miwili na nusu tu baada ya Langata Road.

Chuo kilikuwa na mamia ya wanafunzi na walinzi wachache. Wiki hiyo tayari kulikuwa na tahadhari kwamba chuo kikuu kinaweza kushambuliwa; Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake. Kikosi cha Recce, ambacho kazi yake ni hiyo hasa, kilitoka upande wa Nairobi na kufika Garissa mchana. Kilipoingia, kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Linganisha hiyo na masaa ambayo wanafunzi walikuwa chini ya vitanda wakituma meseji kwa wazazi.

Chuo kilipofunguliwa tena Januari 2016, kulikuwa na kituo cha polisi ndani. Naona hiyo ni sawa. Garissa ilihitaji askari kabla, na walikuwa na habari ya kuwaambia waweke askari. Vivyo hivyo kaskazini kwa jumla. Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda nyumbani kwa likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo TSC ikahamisha walimu wasio wenyeji. Madarasa yakabaki bila walimu. Mtoto wa Wajir amelipa bei ya ukosefu wa usalama mara mbili, kwanza kwa hofu, halafu kwa kukosa mwalimu wa hesabu.

Kwa hivyo sisemi polisi hawana maana. Nasema hatari ya Mandera si hatari ya Machakos, na kuna mtu analipwa kujua tofauti.

Hata hofu yenyewe bila mipango inaua. Siku kumi baada ya Garissa, transfoma ililipuka karibu na kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi usiku. Wanafunzi wakadhani ni magaidi, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huohuo Strathmore walifanya zoezi la usalama bila watu wengi kujua ni zoezi. Milio ya risasi, watu wakaruka madirisha, mfanyakazi mmoja akafa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja kwa hizo mbili.

NA MAREKANI KWENYEWE?

Wanaosema "kama Marekani" hawajaangalia Marekani. Wazo la kuweka polisi wa kudumu ndani ya shule lilianza huko miaka ya 1950, Flint, Michigan. Nia ilikuwa vijana wazoee polisi, wamwone kama mtu wa kawaida. Likakaa dogo hivyo miaka mingi. Lililipuka baada ya Columbine, Aprili 1999, ambapo wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Serikali kuu ikatoa pesa nyingi shule ziajiri polisi.

Sasa sikiza. Columbine yenyewe ilikuwa na afisa wake mwenye bunduki. Parkland, Florida, 14 Februari 2018, kulikuwa na afisa wa shule, akabaki nje huku watu 17 wakiuawa ndani. Uvalde, Texas, 24 Mei 2022, wilaya ya shule ilikuwa na idara yake ya polisi kabisa. Walikuja askari 376 kutoka idara mbalimbali. Zilipita dakika 77 kabla mlango ufunguliwe na muuaji akabiliwe. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Wazazi waliokuwa wanajaribu kuingia wenyewe walizuiwa, na hao hao askari.

Na huku mchana wa kawaida, afisa aliyewekwa kuzuia muuaji hana muuaji wa kuzuia, kwa hivyo anaanza kushughulikia utundu. Mtoto akirushiana maneno na mwalimu, anafungwa pingu. Watoto weusi ndio hukamatwa zaidi. Baada ya George Floyd kuuawa 2020, Minneapolis ikavunja mkataba wa polisi na shule zake. Denver pia ikawaondoa, halafu ikawarudisha 2023 baada ya wafanyakazi wawili wa East High kupigwa risasi na mwanafunzi. Wao wenyewe bado wanabishana. Sisi tunataka kununua kitu ambacho mwenye duka hajaamua kama kinafanya kazi.

Hiyo sehemu ya utundu inatuhusu sana. Kumbuka DCI walivyokuwa wakitoa onyo kila migomo ikianza: mwanafunzi akihusishwa na uchomaji, rekodi itaonekana kwenye Good Conduct. Mwenye umri wangu anajua maana ya Good Conduct. Bila hiyo karatasi hupati hata kazi ya ulinzi. Aliyewasha moto uliomuua mtu ajibu mahakamani, hilo sibishani. Lakini yule wa kidato cha pili aliyeruka ua pamoja na darasa zima kwa sababu ya chakula kibovu, unamwandika jina mpaka afike miaka 30? Na mwalimu mkuu aliyefunga mlango kwa nje, Good Conduct yake inasema nini?

KAZI AMBAYO POLISI WANAYO NA HAWAIFANYI

Kuna kosa moja shuleni ambalo ni la polisi moja kwa moja, na ndilo hulindwa na kimya. Mwalimu anayenajisi wanafunzi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia iko tangu 2006. TSC ilitoa waraka 2010 unaomtaka kila mwenye habari aripoti haraka. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwalimu akimnajisi mwanafunzi, hata TSC na serikali wanabeba lawama, si yeye peke yake.

Lakini kijijini story inaisha vipi? Kikao chini ya mti, mbuzi, pesa kidogo, mwalimu anahamishwa kwenda shule nyingine yenye wasichana wengine. Polisi wa kituo cha karibu wanajua. Mzee wa kijiji anajua. Kama unataka polisi walinde shule, anzia hapo. Hakuhitaji kujenga kibanda langoni, kunahitaji afisa wa dawati la jinsia anayefungua faili na kukataa mbuzi.

KWA HIVYO?

Ukiweka historia yote mezani, polisi wamekuja shuleni kwetu kwa nguvu wakati kitu cha wakubwa kiko hatarini. 1952 ilikuwa utawala wa mkoloni. Vyuoni ilikuwa siasa. Langata ilikuwa ardhi ya mtu. Kila Novemba ni heshima ya mtihani wa taifa. Mtoto akiwa ndiye aliye hatarini, tunafika asubuhi kuhesabu.

Lakini zile kufuli mbili za kontena zimenifunza kitu. Zinaonyesha kwamba serikali hii ikitaka inaweza. Iliamua karatasi isiibwe, ikataja mtu kwa cheo chake, ikampa ufunguo, ikamwambia ikipotea ni wewe. Hakuna sababu bweni lisiwe hivyo. Kila bweni liwe na mtu mmoja mwenye cheo nje ya shule aliyesaini kwamba alilikagua muhula huu, alipima nafasi ya vitanda, alifungua milango yote usiku bila kutangaza. Likiungua na mlango umefungwa, tuanzie na saini yake. Mandera na Garissa wapewe askari wanaotosha, kabla ya shambulio. Mwalimu anayenajisi apelekwe kortini. Haya yote yana sheria tayari.

Mpaka hapo patakapofika, fanya hivi. Muhula ujao ukimpeleka mdogo wako bodingi, usiishie ofisini kulipa karo. Omba kuona bweni. Sukuma mlango uone kama unafunguka kwenda nje. Shika dirisha. Hesabu milango, uliza ufunguo wa ile mingine hulala wapi usiku, na nani huwa macho saa nane. Wakikataa kukuonyesha, umeshapata jibu, na sanduku lake bado liko kwenye buti ya gari.